Tanuri Lililofunguliwa Siku ya Tatu

Bujumbura, 14 Agosti 1967

Mdogo wangu Spéciose,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Mathilde. U hali gani huko Gitega na baridi yake? Sisi tu wazima, ila vumbi la kiangazi halina adabu.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama umshtaki Callixte, mchoma matofali wa Buterere, kwa matofali yako elfu tatu yaliyopasuka, nawe unaogopa mvua ya Septemba itakukuta huna ukuta. Nitakujibu kwa utaratibu.

Mtu yule hajui kusoma. Hana kipimajoto. Huutazama moshi, hutemea mate ukuta wa tanuri akisikiliza mlio wake, kisha hutangaza hali ya moto kama askofu. Nilimweleza kwamba ukali wa joto ni jambo moja na wingi wa joto ni jingine. Kwamba cheche huunguza ngozi, lakini haichemshi hata kikombe cha maji. Alicheka mbele ya vibarua wake, akasema, "Mwalimu, we soma kitabu, mi nasoma moto." Kiswahili chenyewe umekisikia.

Alipomaliza kuchoma, aliziba tanuri lote kwa tope, akaagiza lisiguswe siku saba, akaenda Bubanza kumzika shemeji yake. Siku saba! Nilimwambia Mathilde kwamba huo ni uvivu uliovikwa joho la ujuzi. Akanijibu kwamba hata chungu cha maharage hakifunuliwi na kila apitaye. Sikumjali.

Siku ya tatu nilikwenda na kipimajoto cha shule. Ukuta wa nje ulikuwa vuguvugu: nyuzi thelathini na nane, kama mtoto mwenye homa kidogo. Nikahukumu kwamba tanuri limepoa. Nikabomoa tope kwa jembe upande wa ziwani, upepo ukaingia. Mara nikasikia mlio ndani, kama mahindi yanayokaangwa. Moto ulikuwa bado umo. Tope liliuzuia tu usitoke.

Miaka ishirini nimefundisha kwamba bilauri ya moto hupasuka ikitiwa maji baridi, na nimewachapa walioshindwa kueleza sababu. Wajinga wasio na kitabu nimewaona wengi; huyu mwenye kipimajoto ndiye mbaya wao. Nikaziba tundu, nikarudi nyumbani. Callixte alipofungua na kukuta nyufa, nilimwita mpumbavu mbele ya watu. Aligusa lile tope jipya kwa kidole, akanitazama, akaendelea kutoa matofali. Nani angemsadiki dhidi ya mwalimu? Kisha nikakuandikia ule uongo kwamba yeye ndiye aliyeyaharibu.

Usimshtaki. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake, nikakiri mbele ya vibarua wale wale. Udongo wa matofali mapya ninaukanyaga mimi kwa miguu yangu. Amekubali kuchoma tena kabla ya mvua, kwa sharti moja: tanuri likishazibwa, nikae nyumbani mpaka aniite. Mathilde amekabidhiwa kunilinda, na kazi hiyo anaifurahia kupita kiasi.

Wasalimu wauguzi wenzako. Mungu akutunze, nami uniwie radhi utakapoweza.

Kaka yako,
Méthode