Barua Tatu kwa Jina Lako

Mama yangu,

Nimeketi mlangoni na kaye, daftari langu la shule, magotini, na maharage bado yako kwenye maganda. Najua ungesema kazi kwanza. Leo nivumilie, nina kosa la kukuungamia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimwandikia kaka Bahati kule Omate anakochimba dhahabu. Wewe ulisema, mimi nikaandika, kwa kuwa shule hukuiona. Lakini mwandishi ulikuwa wewe, mimi nilikuwa mkono tu. Nikimaliza nilikusomea kwa sauti, nawe ukanikatiza: "Futa hapo, mimi sisemake hivyo. Andika mbuzi alizaa, kisha ngoja kidogo." Nilipokuuliza kungoja kunaandikwaje, uliniambia niache mstari mmoja mtupu, mtoto apate kupumua. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha jambo hilo. Simu uliikataa kabisa. "Simu inasema mara moja, inaisha. Karatasi, atalala nayo."

Ulipotutoka, mvua ilikuwa imekata barabara. Tulikuzika hapa Nyabiondo bila yeye. Matanga yalipokwisha niliketi nimwandikie habari, na mkono ukaenda ulivyozoea: "Mutoto wangu Bahati, ni mimi mama yako."

Niliitazama ile karatasi. Ilinipasa niichane, Mama. Sikuichana. Nikaandika kwamba mihogo imeshika vizuri, nikaacha mstari mtupu, nikampa dereva wa pikipiki huku nikimsihi asiseme neno.

Nimetuma barua tatu namna hiyo. Naye akajibu zote, "Mama yangu mupenzi." Nilizisoma peke yangu, nikiona haya, na nikifurahi pia, sikufichi. Kila moja ilinizidishia hofu. Siku atakayojua, nilijiambia, sitakuwa tena na ndugu, na ndiye pekee uliyeniachia.

Jana ilikuja nyingine, na juu ya bahasha kulikuwa na jina langu. Niliizungusha mikononi hadi chai ikapoa. Kumbe dereva alimwambia kila kitu tangu safari ya kwanza. Mdomo wa yule bwana haujui kufungwa. Kaka ameandika kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: "Dada, nilijua. Lakini mu barua zako nilikuwa ninamusikia Mama. Njo maana sikusema. Nilitaka aendelee kidogo."

Nililia hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Miezi yote hii tulikuwa wawili tunakushikilia, kila mmoja akimficha mwenzake.

Chini kabisa ameongeza: "Sasa uniandikie wewe. Sijui hata wewe unasemaka namna gani."

Hata mimi sijui, Mama. Tangu asubuhi nimeanza mara nne. Maneno yako yanakuja upesi, yangu yananigomea. Nilidhani miaka ile yote nilikuwa nakuandikia tu, kumbe ulikuwa unanifundisha kukaa na mtu aliye mbali bila haraka. Asante. Sikuwahi kukwambia.

Pumzika sasa, Mama. Hakuna tena atakayekuita uje kazini. Nakuahidi sitalitumia jina lako tena, na kaka hatakosa barua maadamu mkono wangu una nguvu. Pikipiki inaondoka kesho asubuhi. Ya kwanza nimeianza hivi, na safari hii sitafuta:

"Kaka Bahati, ni mimi, Neema. Mama alikufa."