Beseni Moja la Mama Kavira

Jumanne, Goma. Mvua imekatika tangu jana jioni, lakini wingu bado limelalia mlima. Nimechoka, jamani. Miguu ina nafuu, moyo ndio umechoka.

Kazi yangu ni kusoma kipimo cha mvua hapa mtaa wa Mapendo. Ni kikopo kirefu chenye mstari mwekundu, nimekisimika uwanjani kwa Mama Kavira, mjane anayeishi kando ya mfereji mkubwa. Mpango wa shirika letu la misaada ni rahisi. Mvua ya siku moja ikifika kwenye mstari, fedha zinatoka papo hapo, bila mkutano, watu wa mferejini wahamishwe kabla mvua ya pili haijawakuta. Isipofika, hakitoki kitu. Mwaka mzima nimewaimbia watu kwamba safari hii hatutangoja mtu afe ndipo tusaidie.

Jana ilinyesha mpaka mabati yakalia. Asubuhi nikaenda kusoma, nikiwa na hakika mstari umefikiwa.

Kipimo kilikuwa kikavu.

Mama Kavira akatoka nyumbani, matope mpaka magotini, anatabasamu. “Papa Paluku, kile chombo yenu nilikichunga muzuri. Mvua ilianza tu, nikakifunika na beseni. Hakikuloa hata kidogo!”

Mungu wangu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kosa ni langu. Siku ya kukisimika nilimwambia tu, “Mama, unichungie, hii ni chombo ya bei.” Sikumweleza kazi ya kipimo. Nani anaacha kitu cha bei kwenye mvua?

Nikampigia mkubwa wangu ofisini. Nikamweleza yote, beseni, matope, alama ya maji kwenye mbao za nyumba. Akaguna. “Paluku, ule mupango hausikiake maelezo. Unasikiaka namba tu. Andika chenye uliona.”

Nakiri hapa: kalamu ilitaka kuandika uongo. Nani angejua? Lakini nikidanganya leo, siku mstari utakapofikiwa kweli, nani ataniamini? Nikaandika sifuri.

Nikarudi kwa Mama Kavira, nikamwambia asikifunike tena.

“Na kikiloa?”

“Kiache kiloe, mama.”

Akanitazama kana kwamba mimi ni mtu asiyejali mali ya watu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, musaada unakuja lini, maana vitanda vyote vimeloa. Nikamjibu tungoje kidogo. Mimi huyo, niliyeapa hatutangoja.

Nikiwa naondoka nikamuuliza kwa nini hakuchota maji yakiingia nyumbani.

“Ningechota na nini, Papa? Niko na beseni moja tu.”

Wingu linashuka tena. Kesho alfajiri nitakwenda kumwambia ukweli, kwamba msaada hauji, na beseni nitabeba la kwangu. Ila nitaanzia wapi?