Kofia ya Mabwawa ya Chumvi

3 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila wasiwasi unaninyima raha. Tangu niondoke hapo nyumbani nakiona tu kile kinyama kilichoota kwenye jicho lako la kushoto, upande wa pua. Mwaka mmoja uliopita hakikuwepo. Nimemuuliza fundi mkuu hapa kwenye duka letu la miwani, akasema ni jua, na huko kwenye mabwawa ya chumvi jua linakupiga mara mbili, toka juu na toka kwenye weupe wa chini. Kikitambaa hadi kwenye mboni, mama, hutaona.

Mimi mwenyewe bado ni wa kufuta fremu tu, mwezi wa pili huu, lakini nimekutafutia miwani nyeusi kuliko zote zilizopangwa barabarani. Nimenunua mbili, yako na yangu. Nilipoijaribu nilijikwaa kwenye ngazi. Ivae kutwa. Na hiyo kofia yako, kwa nini ukingo wake mpana unauweka nyuma? Kisogo kina macho?

Usiniambie utavaa kesho. Nakujua.

Mwanao,
Kitinda

29 Januari

Kitinda wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, magoti tu yanalalamika, na hayo yalianza kulalamika kabla hujazaliwa. Miwani imefika. Nilipoivaa wenzangu walicheka hadi wakaangusha reki, sasa naitwa Mheshimiwa. Naivaa toka asubuhi hadi jioni kama ulivyoagiza. Jua nalitazama uso kwa uso siku hizi. Kofia nimeitundika msumarini, ya nini tena?

Kula vizuri. Ulipokuja ulikuwa shingo tupu.

Mama yako

11 Februari

Mama,

Shikamoo, na naomba uivue hiyo miwani kabla hujamaliza kusoma.

Leo fundi mkuu alikuwa anapima vioo kwa mashine inayoonyesha kama kioo kinazuia ile miale ya jua tusiyoiona. Nikampa miwani yangu, pacha wa yako. Miale yote ilipita. Akaniambia weusi unapunguza mwanga tu, na jicho likiona giza mboni inafunguka zaidi, miale inaingia ilivyo. "Umemfungulia mwizi mlango," akasema, "halafu ukamzimia taa."

Mama, nililia chooni. Mimi ndiye niliyekuambia uivae kutwa. Rudisha kofia, ukingo uwe mbele. Nijibu hata mstari mmoja.

Kitinda wako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu kasoro siku mbili. Nimepiga simu ofisi ya mabwawa, mtu akasema upo, akakata. Upo vipi? Umelala, umekaa, unaona? Jana nimefuta fremu moja mara nne bila kujua. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi usinifiche.

Mwanao

19 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, mama. Nilikuficha, nisamehe.

Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye ninayetazama maji, na yakianza ule wekundu wa mbali wa chumvi iliyoiva nasema, "Kokoteni," reki ziingie. Ndani ya miwani ile maji yote ni kahawia. Nikasema kokoteni kabla ya wakati. Chumvi ilitoka na tope, bwawa zima likamwagwa. Msimamizi akaniambia nikikosea tena atampa kazi yangu mwingine. Miaka ishirini na miwili, mwanangu! Niliona aibu hadi kutembea.

Ndipo nikaivua, kabla hata barua yako haijafika. Nikasimama bwawani kutwa bila kofia, nikitumbulia maji macho nisikosee tena. Kesho yake macho yalikuwa kama yamepakwa mchanga. Nililala siku tatu na kitambaa chenye maji usoni, na siku nyingi baadaye herufi zilikuwa zinacheza. Barua zako zilikuwa chini ya mto. Sikutaka zisomwe na mdomo wa mtu mwingine.

Sasa naona. Kofia imerudi kichwani, ukingo pale pale ulipozoea. Lakini niambie, wewe unayeshinda na vioo. Nikivaa silioni bwawa, nisipovaa linanila macho. Nichague lipi?

Mama yako

8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usichague.

Nilimsomea fundi mkuu barua yako, akauliza nani alisema kinga ina rangi. Kuna vioo vyeupe kabisa vinavyozuia miale ile, na maji utayaona kama yalivyo. Hivi ninavyokutumia nimevisaga mwenyewe, vya kwanza maishani mwangu. Cha kulia nilikivunja mara mbili. Nimevipima kwenye mashine, hakikupita kitu. Fremu ni pana, inafunika hadi pembeni.

Kinyama hakiondoki kwa miwani, kwa hiyo nenda kliniki ya macho wakakipime. Na kofia, mama! Kwa nini hunisikii? Umeivaa kinyume maisha yako yote, ungeigeuza tu kitu hicho kisingekuota.

Kitinda

30 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimekwenda kliniki. Kinyama hakijafika kwenye mboni, nirudi baada ya miezi sita. Miwani yako nimeivaa hivi ninavyoandika. Wiki iliyopita kila mtu alidhani bwawa limeiva, msimamizi anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mimi nikasema bado. Nikasubiri siku mbili, wekundu nikauona, nikawaambia kokoteni. Chumvi imetoka nyeupe. Hakuna aliyeniita Mheshimiwa. Wanauliza zao zinakuja lini.

Umeniuliza habari ya kofia mara tatu, nami nakwepa. Ulipokuwa mchanga sikuwa na wa kumwachia, nikawa nakuja nawe kazini, mgongoni. Kofia ilikuwa moja. Nikaigeuza, ukingo ukufunike wewe. Miaka miwili hivyo. Uliposhuka mgongoni mkono ulikwisha kuzoea, sikukumbuka tena kuirudisha.

Leo asubuhi nimeigeuza mbele.

Mama yako