Bibi Aliyempeleka Kabula Juani

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama hataki nikuandikie. Anasema aliyeondoka bila kuaga hatumiwi salamu. Lakini mimi ndiye uliyeniacha uani asubuhi ile, na sijawahi kumsimulia mtu yeyote.

Ulikuja kwetu Majengo, kwa Mama, mwanao wa kumzaa, ukitokea Shinyanga, Babu alipofariki, miaka ya tisini ikianza. Mama alikuwa amejifungua Kabula. Mtoto aliyemtangulia alikufa akiwa mchanga, kwa hiyo mganga akamwambia Mama amfiche huyu, asionwe na watu mpaka atembee. Akafichwa kweli. Chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia, uji mweupe asubuhi na jioni. Watoto wa rika lake wakaanza kukimbia. Yeye akisimamishwa alilia, na miguu ikapinda kwa nje.

Ndipo watu walipoanza kukutazama, Bibi. Macho yako yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na hiyo ikawatosha kukuita mchawi. Ulipofika mashineni kusaga, wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka. Baba mdogo, yule mdogo wake Baba, akawa anakuja kila alasiri, anakaa uani kwetu ananoa panga. Hakuwa na shamba la kufyeka. Ulimpa maji, akayamwaga chini taratibu huku anakuangalia.

Mama na mimi tukampeleka Kabula kliniki. Nesi alimshika vifundo vya mikono na vya miguu, akauliza, "Huyu anatoka nje saa ngapi?"

Mama akavuta kanga, akamfunika Kabula miguu.

"Hajarogwa, mama. Haya ni matege. Mifupa imekosa vitamini D. Mtoeni nje apate jua, mpeni dagaa na mayai. Na mkipata, maziwa haya."

Akatuonyesha kopo la maziwa ya unga, akatueleza kwamba kiwandani yameongezwa vitamini hiyo makusudi, ili mifupa ya watoto ikaze.

Wewe ndiye uliyelivuta lile gunia dirishani. Ukauza kitenge chako kipya, ukanunua kopo, ukaagiza dagaa kutoka Karema, kule ziwani. Kila asubuhi ulimtandikia Kabula mkeka uani, ukamnywesha maziwa, ukamkanda miguu, mtaa mzima ukiona. Majirani wakasimama nje ya ua wetu. Nikamsikia mmoja akisema, "Sasa anamwanika hadharani. Haogopi tena."

Nikakuambia, "Bibi, mrudishe ndani."

Ukacheka kidogo. "Nikimrudisha, nani atamtoa?"

Asubuhi ya mwisho uliniachia Kabula mkekani, ukachukua kamba, ukaenda kuni. Siku hiyo Baba mdogo hakuja kunoa. Adhuhuri ikapita. Mama alisimama mlangoni akitazama njia. Walikutafuta hadi mtoni, wakarudi na kamba tu, ikiwa bado imekunjwa vizuri.

Kabula alitembea kabla mvua hazijaanza. Miguu ilinyooka polepole, na mtaa ukafurahi. Unajua walisemaje, Bibi? "Mnaona? Mchawi ameondoka, mtoto amepona." Baba mdogo akachinja mbuzi. Mama alikaa na sahani ya nyama mapajani mpaka ikapoa.

Sasa Kabula anasoma darasa la pili, anaruka kamba kuliko wenzake wote. Haukumbuki uso wako. Namsimulia ulivyokuwa, lakini Mama akiingia nabadili mazungumzo.

Mimi nimeolewa hapa hapa mjini. Nyumba ya nyuma yetu wamehamia watu wenye mtoto ambaye sijawahi kumwona nje. Namsikia tu akilia wanapomsimamisha. Wanaishi na mama mkwe, mzee sana, mpole. Jana dukani watu walikuwa wanaulizana yule mama ametokea wapi, na huko alikotoka aliacha nini. Nilipoingia wakaanza kuongea habari za mvua.

Nimenunua maziwa. Kesho asubuhi nitabisha hodi kwao, niwaambie yale aliyotuambia nesi. Mume wangu amenikataza. "Watakuhesabu na wewe," amesema, na hakuwa anatania.

Popote walipokulaza, Bibi, pumzika. Naogopa, lakini nitakwenda.

Mjukuu wako,
dada yake Kabula