Paka Kapita Ameanza Sindano

Siku ya yenga, siku ya misa, nyuma ya saa sita. Mvua.

Bibi yangu Agnès, mama ya mutoto yangu, alikufa. Ilikuwa siku ya kazi, saa ine ya asubui. Ile asubui, saa kumi na moya, miye nilimupiga sindano yake ya sukari, sawa kila siku. Kiisha nilipanda mu kamyo ya kampani, nikaenda ku fonderi, kuyeyusha mukuba, ile shaba ya kampani.

Ni myezi mitano sasa. Sikuandika kintu. Leo naandika juu ya paka.

Moshi ya shimine ya fonderi inalala chini, mvua inaikataza kupanda. Inashika mu koo. Nimefunga dirisha.

Kaye hii ya kuandika ilikuwa ya Agnès. Ku mukono ya kushoto aliandikaka siku, ku kuume hesabu ya mistari ya sindano. Makumi mbili na ine. Makumi mbili na ine. Kurasa na kurasa. Kiisha karatasi ni nyeupe. Njo hapa naandika. Nilisoma myaka tatu tu kwa bapadri. Naandika vile nasema.

Paka anaitwa Kapita. Ni Agnès alimupa ile jina, juu kila asubui alipitaka mu nyumba zote za kamp, anaangalia mu sufuria ya bantu, anatoka. Hatumiki kazi hata kidogo. Sawa kapita, musimamizi ya kazi.

Nyuma ya kilio, Kapita alianza kunywa mayi. Paka hanywake mayi vile. Alimaliza bakuli, alienda ku mayi ya mvua, alienda ku beseni ya nguo mwenye sabuni ndani. Na kukojoa, mingi. Alikula sana na alikonda. Mifupa ya mugongo ilitoka inje.

Nilisema ni huzuni. Miye pia nilikonda.

Siku moya niliona sisimizi. Nyuma ya kikoni, pale anakojoaka, muchanga ilikuwa nyeusi na sisimizi. Nilisimama pale mingi. Ile kintu nilikwisha kuiona mara moya: ku choo yetu, mwaka Agnès alianza kugonjwa. Sisimizi njo balijua ba kwanza. Mbele ya munganga.

Kampani iko na ngombe za maziwa ku shamba, njia ya Kasungami. Kule kuko dokta ya ngombe, kijana, alisomaka ku iniversite, Kasapa. Nilifunga Kapita mu kikoni na beseni ya mabwe madogo mpaka alikojoa. Nilitia mukojo mu kachupa ya dawa ya kikohozi. Kapita nilimutia mu saki ya unga, nikatoboa matundu juu apumue. Tulienda na miguu. Alilia njia yote. Bantu banageuka kuangalia.

Dokta alicheka. Alisema, "Citoyen, balinileteaka mbuzi, balinileteaka bata. Paka, weye njo wa kwanza."

Nilimupa kachupa. Nilisema aangalie kama iko na sukari.

Aliacha kucheka. Alikamata dawa ya mayi ya bluu, alitia mu chupa ya kupima, alitia mukojo matone kidogo, alichemsha juu ya moto. Bluu iligeuka kijani, kiisha njano, kiisha nyekundu sawa matofali.

Nilisema, "Ile ni mukuba."

Aliniangalia. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilitumika Likasi ku mayi ya bluu, pale banatosha mukuba mu mayi, myaka tatu. Namujua mukuba kama anatoka."

Alisema ndiyo, ni mukuba, ni sukari njo inamutosha inje. Alisema Kapita iko na ugonjwa ya sukari sawa muntu. Kama hakuna sindano, myezi mbili ao tatu, anakufa. Kama kuko sindano, anaweza kuishi.

Dawa ilikuwa. Chupa mbili za Agnès zilibakia mu chungu ya udongo, mu muchanga ya mayi, juu hatuna frigo. Ilifaa kuzirudisha ku lopitali. Sikurudisha. Siko mwizi, lakini sikurudisha. Moya nilikuya nayo mu mufuko; dokta aliiinua ku mwangaza, akasema ingali nzuri.

Kiisha alishika bega yangu. "Sikia muzuri. Mustari moya asubui, mustari moya magaribi. Moya tu. Na akule kwanza. Kama hakukula, hakuna sindano. Kama anatetemeka, kama anatembea sawa mulevi, sukari mu kinywa, mbio."

Nilimuuliza, "Hata muntu ni vile?"

"Muntu pia. Vile vile."

Labda ku lopitali baliniambiaka ile. Labda sikusikia. Niliijua kazi ya sindano: kuchemsha, kuvuta, kutosha hewa, kupiga. Nilifikiri njo yote.

Ku kazi niliomba siku tatu. Chef de poste aliuliza mugonjwa ni nani. Nilisema ni muntu wa bibi yangu. Sikusema iko na mukia.

Siku ya ine, Alhamisi, tulianza. Jirani yangu Mama Zaina alikuya kushika. Ni muntu wa Kasongo, muislamu, bwana yake anashona nguo. Alikuwa rafiki ya Agnès. Alifunga kanga ku kiuno, akasema, "Paka nashika. Kama ilikuwa imbwa, ungeita mukristu mwenzako."

Kapita alikula kapenta, samaki madogo, sahani nzima. Muzuri. Nilichemsha sindano ya kioo, ikapoa. Nilikamata chupa. Nilivuta.

Mukono ilivuta yenyewe. Sikuangalia.

Mama Zaina alisema, "Baba Kalenga, ile yote ni ya nani? Unapiga Kapita, ao ngombe ya dokta?"

Niliangalia. Makumi mbili na ine.

Nilirudisha yote. Nilitoka inje kidogo, nikanawa uso. Kiisha nilirudi, nikavuta mustari moya. Mustari moya ni kintu bure, ni tone. Mu vidole yangu ya fonderi ile sindano ni sawa muiba. Nilifinya ngozi ya shingo, nikapiga. Kapita hakujua hata. Alikuwa analamba sahani.

Mama Zaina alisema, "Unaona? Njo kwisha."

Magaribi vile vile. Muzuri.

Siku ya tano asubui, muzuri.

Siku ya tano, saa kumi ya muchana, nilikosa.

Mvua ilikuwa inakuya na nguo ilikuwa inje. Kapita alikula kapenta tatu, akaacha. Nilijua dokta alisema nini. Nilisema tatu inatosha, atakula ingine nyuma. Nilimupiga sindano, nikaenda kutosha nguo ku kamba. Kiisha nilipasua kuni. Kiisha nilikaa ku mulango na tumbako.

Nyuma ya saa moya na nusu Kapita alitoka mu nyumba. Alitembea sawa mulevi. Miguu ya nyuma ilienda njia yake. Alianguka ku ngazi. Macho ilikuwa kubwa, nyeusi yote, na haikuniona.

Niliruka. Nilikokota kiti ku armoire, kabati ya nguo, nikapanda, nikasukuma valise ya safari, nikatosha kopo ya sukari. Nilishuka na kopo, nikatia kidole mu mayi, nikatia mu sukari, nikamusukumia mu kinywa. Nilifanya tena. Tena. Aliniluma mpaka damu. Nilifurahi.

Hakukawia. Kichwa ilisimama. Kiisha miguu. Kiisha alienda ku sahani kuangalia kama kapenta zingali.

Nilifikiri niko peke yangu. Mama Zaina alikuwa ku mulango na kibeleshi ya kuomba moto. Sijue tangu wakati gani. Hakuangalia paka. Aliangalia kiti ku armoire. Aliangalia kopo mu mukono yangu.

Alisema, "Njo ile alitafuta."

Ni yeye alimukuta Agnès ile siku. Alimukuta chini ya armoire, na kiti imeanguka pembeni. Ku kilio bantu balisema alitaka valise. Bamama ba kanisa balisema roho yake ilijua safari, alitaka kufunga bintu. Balilia sana juu ya ile valise. Miye nilikaa ku mukeka, sikusema kintu. Niliacha baseme valise.

Naandika sasa mara moya, kiisha sitaiandika tena.

Ni miye niliweka kopo pale. Agnès alikuwaka anaiba sukari. Kijiko mu chai, kama naenda kazi. Ku lopitali balikataza sukari, na miye nilikataza zaidi yao. Niliweka kopo juu ya armoire, nyuma ya valise. Yeye alikuwa mufupi. Nilifikiri nina akili.

Ile asubui unga iliisha mu nyumba. Hakukula. Nilimupiga sindano, makumi mbili na ine. Kamyo ilipiga honi. Alisema, "Enda, itakuacha. Nitaomba bukari ya kula kwa Mama Zaina." Nilienda.

Alihitaji kijiko moya.

Yeye mwenyewe alijua. Njo maana ya kiti.

Mama Zaina alikaa chini ku mulango, moto aliusahau. Nilimuambia yote hii. Si kwa muzuri, kwa vipande. Nilingoja anitukane. Ilikuwa haki yake.

Mvua ilianza. Kiisha alisema, "Aligonga kwangu. Batoto baliniambia. Mama Agnès aligonga, balimuambia mama iko ku soko. Nilikuwa napatana bei ya muhogo. Sikukuambia, Baba Kalenga. Nilikuwa naogopa uniulize."

Kapita alipita katikati yetu akaenda kwa Mama Zaina kuangalia mu sufuria.

Jana, siku ya posho, ilikuwa salongo, kazi ya bure ya bantu bote. Tulikata majani ku njia, kamp yote. Habari ilikwisha kufika, sijue nani aliitoa. Bantu ba poste yangu balisimamisha mapanga. "Baba Kalenga! Kumbe mugonjwa iko na ndevu ndefu?" Na mungine, "Iko na sukari? Utuletee kidogo, batoto wanakunywa chai kavu!" Walicheka mpaka militant wa chama aliwapigia filimbi. Hata chef de poste alicheka. Hakusema atakata siku zangu.

Nilicheka pia. Ile ilinishangaza.

Leo asubui Kapita alikula yote, nikahesabu vichwa vya kapenta. Mustari moya. Nilikaa naye mpaka misa ilikwisha kuanza, sikuenda. Anakunywa mayi kidogo sasa. Bakuli ya asubui ingali na mayi nusu. Tangu myezi mitano sikuona mayi kubakia mu ile bakuli.

Dokta alisema si kupona. Ni kila siku. Kila siku namna ile.

Tumepatana na Mama Zaina. Nitaamuka saa tisa ya usiku, si saa kumi. Kapenta kwanza. Nitakaa ku kiti, niangalie amalize. Kama anaacha hata moya, sindano inabaki mu sufuria, na nitaenda kazi pashipo kupiga. Kama anamaliza, mustari moya, nitaisoma mara mbili ku taa. Kiisha nitabakia kuangalia miguu yake mpaka kamyo. Saa moya Mama Zaina anakuya kumuona. Saa tatu tena. Alisema kama anaenda ku soko, anamubeba mu kitunga pamoja na muhogo, bantu baseme wanachosema.

Kopo ya sukari haiko tena juu ya armoire. Niliteremsha jana. Nilitaka kuiweka ku meza, Mama Zaina alikataa, akaikamata na mikono mbili. "Hii inakaa kwangu, chini, karibu na mulango. Mutoto mudogo anaifikia." Alifunika na sahani, juu sisimizi basiingie.

Valise nilifungua. Ndani hamukuwa kintu cha safari. Nguo ya misa, na picha ya mutoto yetu Kalenga mbele ya kwenda kutumika Kolwezi. Nilirudisha.

Nitamuandikia Kalenga barua juu ya kopo. Si leo. Lakini nitaandika, juu yeye pia anasema valise.

Ku mukono ya kuume ya kaye nimeandika hesabu, chini ya zake. Moya. Moya. Moya. Moya, na pale pembeni: alikula tatu tu, kosa yangu. Kiisha moya, moya, moya.

Sijue kama nafanya hii juu ya Kapita ao juu ya Agnès. Kapita hajali. Analala juu ya koti yangu ya kazi, ile natayarisha, na majivu yote ya fonderi inamushika mu manyoya. Simutoshe. Ataamuka mwenyewe kwa sindano ya magaribi.

Nimechemsha mayi. Nimeomba saa ya kengele ya bwana ya Mama Zaina.

Kesho narudi ku kazi.