Upele wa Baba Mkwe

Nsemulwa,
Mpanda.
14 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Marsela,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua, au joto la Mbagala limeyalainisha? Baba mdogo Wilbert naye mzima? Sisi hatujambo, na mimi nimezidi: wiki ya tano ya ndoa, Krispini bado ananichotea maji ya kuoga bila kuombwa! Mama mdogo, naona kama naota.

Sasa nikupe jambo. Baba mkwe, Mzee Melkior, ana saratani ya mapafu. Anatibiwa huko Dar kwa dripu inayoamsha kinga ya mwili ili ipambane yenyewe na ugonjwa. Si ajabu hiyo? Kutwa najiuliza kinga inaamshwaje.

Jumapili nikimnawisha mikono kabla ya kula, nikaona upele mwekundu hadi kwenye viwiko. Na mama mkwe anashangilia! Eti ni kama surua, ukishatoka wote nje basi ugonjwa umekwisha. Alishamkataza kuoga, na Mzee akatangaza kuwa kwenye dripu harudi tena.

Huku bibi harusi hamsemeshi baba mkwe kabla ya kupewa zawadi ya kufunguliwa kinywa. Mimi sijapewa hata kifaranga. Lakini nilishindwa kujizuia: "Baba, saratani siyo surua! Tumuulize daktari kwanza."

Mama mkwe akaacha kupakua ugali. Kisha Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ana sauti! Haya, mdomo umeshafunguka wenyewe, piga simu wewe."

Daktari wake wa Dar alinieleza kwenye simu kwamba kinga ikiamka, wakati mwingine inaishambulia hata ngozi. Aoge, na aende hospitali ya hapa aandikiwe krimu. Akitoka malengelenge, vidonda mdomoni au homa, awahi hospitali saa hiyohiyo. Nikauliza kama upele ni dalili ya kupona. Akasema tusiuhesabu hivyo. Dripu asiiache mwenyewe, wataamua wao wakimwona.

Basi krimu ameshapata, na Jumatatu Mzee anapanda treni na Krispini kuja huko Dar. Nitakonda kwa upweke! Tafadhali wapokeeni.

Swali moja limebaki, tuliliwaza mimi na Mzee jana tukimenya karanga: kinga ikishaamka, hulala tena lini? Nilitaka wewe umuulize daktari, uniandikie. Mzee amekataa. Anasema jibu hilo atarudi nalo yeye mwenyewe.

Msalimie sana Baba mdogo, na mdogo wangu Shadia umbusu mashavu yote mawili. Mungu aitunze nyumba yenu na kila anayeingia humo.

Mwanao akupendaye mno,
Suzana, mke wa Krispini