Sikio Nililoliacha Rusimbi

Kwako Mama Hamisi, mke wangu wa kwanza na, kwa jinsi magoti yangu yalivyo siku hizi, wa mwisho.

Pokea salamu za Mufindi, kwenye ukungu na majani ya chai. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanilaza na koti, soksi na kofia kama Mzungu aliyezikwa na suti yake. Wewe je? Mgongo unasemaje? Nasikia mawese yako yanatoka vizuri sokoni, kwa hiyo najua hulii sana kwa kunikosa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaweka spika, na jirani yetu Mama Shukuru anachangia kila neno. Na humu nina mambo ya kukiri. Mtu hawezi kukiri vizuri huku anaambiwa "unasemaje, sikusikii." Anayekuletea barua ni mwalimu anayerudi kwao Kasulu likizo. Mpe ugali wa muhogo ashibe, asije akatangaza kwamba nyumba yangu ina njaa.

Kazi inakwenda. Redio koli za matrekta ya shamba la chai zilikuwa zinakohoa kuliko madereva wake, sasa zote zinasema. Meneja ananiita injinia. Sijamwambia kwamba niliishia darasa la tano, na wewe usimwambie.

Sasa sikiliza. Unakijua kile kiredio changu cha kunasa mawasiliano ya ziwani, kilichokaa kabatini hapo kwetu Rusimbi na kikompyuta kidogo kama mche wa sabuni, ambacho umekitandikia kitambaa cha kufuma kama vile ni bibi harusi. Mimi nakiita Sikio. Chenyewe hakisemi, kinasikiliza tu maboti yanavyoitana, na kikompyuta kinaipeleka sauti kwenye mtandao. Mimi huku naweka vidude masikioni, nafungua simu, namsikia nahodha aliyeko kijijini Mwamgongo kama amekaa mapajani kwangu.

Wewe ulidhani nakiweka kwa sababu ya upuuzi wa uzeeni. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni Hamisi. Tangu siku ile nilipomwambia pale ufukweni Kibirizi, mbele ya abiria wake na wachukuzi, kwamba anapakia watu botini kama dagaa na maboya ya kuokolea hayatoshi hata nusu yao, mwanangu hajapokea simu yangu. Miezi saba. Sauti yake naipata kwa kuiba. Kila siku saa kumi alasiri akifunga boti Mwamgongo anaita Kibirizi, anasema amefika. Maneno matatu au manne. Nikishayasikia, chai ya jioni inashuka.

Basi siku moja Sikio likafa. Saa kumi kimya, kesho yake kimya. Simu inazungusha kile kiduara chake mpaka macho yanauma. Hapo mtu unajiuliza mambo mawili: kimekufa chombo cha kusikilizia, au kimekufa chombo cha majini. Niliuma meno nikaenda kwa Neema, dada wa Kihehe anayetunza kompyuta za ofisi. Tumejipa utani wenyewe. Yeye ananiita Mwisho wa Reli, mimi namwambia reli ilikoma kwetu kwa sababu haikuona haja ya kutafuta kwingine.

Akaniuliza, "Mzee, nyumbani kuna mtu aliyegusa mashine?"

Ndipo nikakupigia, unakumbuka. Nikakuuliza umegusa nini kabatini.

"Sijagusa kitu."

"Radi ilipiga juzi?"

"Ilipiga, tena karibu."

"Ukafanya nini?"

"Nilichomoa nyaya zote, nikafunika kioo, nikatulia. Ilipopita nikarudisha. Hiyo nayo ni kugusa?"

Neema alicheka mpaka akashika meza. Mama Hamisi, hukukosea. Nyumba ingepigwa na radi, Sikio lingesikia nini, mbinguni? Ila kumbe kile kimodemu, ukikizima na kukiwasha, wenye mtandao wanakipa namba mpya. Mimi huku nilikuwa napiga hodi kwenye namba ya zamani, kama mtu anayemdai mpangaji aliyehama. Neema akakuomba ufungue simu yako kwenye mtandao wa nyumbani umsomee namba inayotokea. Ukaisoma na Mama Shukuru akiitikia nyuma kama kibwagizo. Tukapiga hodi pale penyewe, kikaitika. Neema akakipa na jina, kwamba hata namba ibadilike mara kumi, jina litakifuata. Chomoa unavyotaka.

Nikaweka vidude masikioni nikijua yameisha. Nikakuta mchakacho mtupu, kama dagaa kwenye mafuta. Asubuhi mchakacho, mchana mchakacho, wala hakuna hata nahodha mmoja wa kumtukana mwenziwe. Nikakutuma utazame antena, ukaniambia ipo wima na kunguru kaketi juu. Nikajisemea, basi ugonjwa si mmoja.

Neema akasema, "Mzee, labda chombo ni kizima, watu ndio wamehama." Tukaliagiza Sikio lipekue chaneli zote, moja baada ya nyingine. Kufika ya kumi na nne nikawakuta wote, wanacheka. Bilali, yule nahodha mwenye tumbo, anamsalimu mwenziwe kikwetu, "Mwidiwe, ndugu yangu. Huku sema unachotaka. Jini la yule mzee halifiki."

Yule mzee ni mimi, na jini ni Sikio. Hapa ndipo kukiri kunapoanza. Siku za nyuma nilimsikia Bilali redioni akijisifu kwamba amemdanganya mkewe injini imekufa Mwamgongo, kumbe anakula migebuka kwa mke mdogo. Nikashindwa kujizuia. Nikampigia simu kutoka huku, nikampa pole ya injini. Wiki iliyofuata nikampigia mwingine, nikamuuliza kwa nini amemsema Bilali mnene. Nilicheka peke yangu kwenye chai mpaka wachumaji wakaniogopa. Manahodha wakaona mzee yuko Mufindi na anajua kila kinachosemwa ziwani, wakahama chaneli. Nilijifungia mlango kwa mkono wangu nikaenda kumsumbua Neema auvunje.

Nikawasikiliza huko siku mbili. Kila sauti naijua. Ya Hamisi haimo. Saa kumi inapita, Bilali anafika, mwingine anafika, yeye hayumo. Nilitaka kukuuliza, nikaogopa jibu. Nikikosa la kufanya huwa nachomelea waya, nikachomelea mpaka risasi ya kulehemu ikaisha.

Siku ya tatu Neema alikuwa amelirudisha Sikio kwenye chaneli ya zamani ili ajaribu jambo lake, na mimi nikasahau kubadilisha. Nipo mezani na redio ya trekta imepasuliwa tumbo, saa kumi ikagonga, mchakacho ukakatika.

"Kibirizi, Kibirizi. Nimefika Mwamgongo. Abiria ishirini na mbili, maboya ishirini na nne. Aliye mbali asikie."

Hakuachia kitufe upesi, kama anayesubiri. Halafu mchakacho ukarudi.

Chaneli ile haina mtu, Mama Hamisi. Wote wamehama, na yeye anajua wamehama. Kesho yake nikasikiliza tena: abiria kumi na tisa, maboya ishirini na nne. Kila siku anarudi pale anasema peke yake, na hakuna anayemjibu. Mimi siwezi. Sikio halina mdomo. Kwa simu hapokei, na akipokea nitaharibu, mdomo wangu unaujua.

Kwa hiyo kukiri kwa pili. Kwenye nguzo ya antena kuna nyaya mbili. Wa pili nilikuambia ni wa kuzuia radi. Nilikudanganya. Chini ya kanzu zangu, kwenye sanduku ambalo nilikuambia lina nge, kuna redio ya boti, ya kusema. Iunge na betri ya sola na huo waya wa pili. Imeshawekwa chaneli ya zamani. Saa kumi akishasema, bonyeza kitufe cha pembeni, hesabu moja, useme: "Mwamgongo, umesikika." Usiongeze swali la amekula nini. Achia kidole.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie tumbaku yake nimeinunua. Msalimie shemeji fundi nyavu, wajukuu wote, na Mama Shukuru, ambaye najua barua hii anaisoma begani kwako. Bilali usimsalimie. Nitampigia mwenyewe kumwomba radhi, nikiweza kumaliza bila kucheka.

Ni mimi mumeo, Baba Hamisi, injinia wa darasa la tano.

Ukimjibu, Sikio litakunasa na wewe. Nitakuwa mezani huku, nawasikia wote wawili.